Mita Saba za Kisima cha Hospitali

Jumatatu ile pampu ya hospitali ilipoanza kuvuta upepo, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema haiwezekani. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Mimi ni mtaalamu wa maji ya ardhini, miaka kumi na tisa kazini, na kisima kile nilikuwa nakijua kuliko viatu vyangu. Daftari letu lilisema maji yako mita sitini na moja kutoka juu. Pampu ilikuwa imening'inizwa mita sitini na tisa. Maana yake juu ya pampu kuna mita nane za maji, na pampu iliyozama mita nane haivuti upepo hata ukiilaani.

"Washa tena," nikamwambia fundi pampu.

"Mtaalamu, inatoa hewa. Sikiliza mwenyewe."

Bomba lilikoroma, likatema maji kidogo, kisha likatoa hewa tupu.

"Nimesikia. Pampu ndiyo mbovu. Washa."

Akawasha. Mara ya tatu ikaanza kunuka, mara ya nne ikanyamaza kabisa. Ilikuwa imeungua. Nikamgeukia fundi, kifua mbele, nikamwambia, "Umeona? Si nilikwambia pampu mbovu?" Hadi leo nikiikumbuka sentensi hiyo natamani kujipiga kofi, na kuna siku najipiga kweli.

Hospitali ile ina chumba kimoja ambacho kinakunywa maji kuliko jiko na wodi zote: chumba cha mashine za kusafisha damu. Mtu mmoja akilala pale kwa muda wa saa nne, mashine yake inamaliza zaidi ya pipa zima. Wagonjwa walikuwa kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu, fundi cherehani, mwanamume wa miaka thelathini na minane ambaye figo zilimtupa mkono miaka miwili iliyopita. Zamu zake zilikuwa Jumatatu na Alhamisi. Aliishi kwangu, chumba cha uani, yeye na cherehani yake na redio isiyozimwa.

Jumatatu hiyo nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mashine, begi dogo mapajani, anasubiri.

"Profesa," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nipate shahada, kwa kunikera. "Nasikia maji yamekukimbia."

"Pampu imeungua. Kesho naleta nyingine. Zamu yako itasogea siku moja tu."

"Haya. Mimi daktari kanipangia vikombe viwili vya maji kwa siku, nikizidisha navimba. Wewe umepewa maji ya mji mzima na yamekushinda. Tungebadilishana kazi."

Nikacheka. Nilicheka kweli, kwa sababu sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Jumanne nilikwenda mwenyewe ghala kuu kuchukua pampu mpya. Ilikuwa moja tu iliyobaki, na mtunza ghala alinizungusha na karatasi zake hadi saa tisa alasiri. Huku nyuma fundi pampu alikuwa anang'oa mabomba kisimani, moja baada ya jingine. Niliporudi alitaka kuniambia jambo, nikamkatisha. Nilimwambia afunge pampu, maneno baadaye. Alifunga hadi jua likazama. Jumatano asubuhi tukawasha, na ile pampu mpya, iliyotoka kwenye boksi lake, ikakoroma vilevile.

Fundi pampu akaizima bila kuniuliza. Akafuta mikono kwenye suruali, akasema polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Sasa nisikilize. Jana niling'oa mabomba ishirini na matatu. Kila bomba mita tatu. Ishirini na mawili yalitoka makavu kwa nje, yana vumbi. Lililolowa ni la mwisho tu, na lenyewe limelowa kipande cha chini. Mimi sina shule, lakini kuhesabu mabomba najua."

"Haiwezekani," nikasema tena, ila safari hii sauti ilitoka nyembamba.

Nikamwita Kipaza. Kipaza ni fundi wangu wa vipimo, mtu wa miaka hamsini na ushee, na jina hilo alipewa kwa sababu hasemi namba, anaitangaza. Amepima visima vyetu kwa miaka mingi bila kukosa mwezi, isipokuwa ule mmoja aliofanyiwa upasuaji wa jicho. Akaja na gurudumu lake la chuma lenye tepu ya kupimia. Ni tepu ndefu yenye alama za mita, na mwishoni ina kidude kinacholia kikigusa maji. Akaishusha kando ya mabomba. Mimi nilisimama begani kwake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu, maana mkuu wa kitengo hashindi kwenye midomo ya visima.

Kidude kikalia. Kipaza akabana tepu kwa kidole pale ilipogusa mdomo wa bomba. Niliiona namba kwa macho yangu. Ilikuwa sitini na nane.

"Sitini na moja!" akatangaza.

"Umesema ngapi?"

"Sitini na moja, mkuu. Ile ile ya mwezi uliopita."

"Kwenye tepu pameandikwa sitini na nane."

"Ndiyo. Toa saba." Akaligeuza gurudumu, akanionyesha ubavuni. Kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko wangu mwenyewe, pale palikuwa pameandikwa: TOA 7.

Nikapitisha kidole juu ya ile saba.

Acha nieleze, maana ni upuuzi ambao hakuna mtu nje ya kazi yetu angeweza kuufanya. Miaka minne iliyopita tepu yetu ya zamani ilinasa kisimani. Tuliikata, tukapoteza mita saba za mwanzo, tukafunga kidude kingine pale ilipokatikia. Tangu hapo tepu ilisoma mita saba zaidi ya kina cha kweli, na dawa yake ilikuwa rahisi: ukisoma, toa saba. Nikaandika kwenye gurudumu ili asisahau mtu. Mwaka mmoja baadaye tukaletewa tepu mpya, nzima, haina kasoro. Gurudumu lake la plastiki lilivunjika mkono wiki ya kwanza. Kipaza alikuwa amelazwa na jicho lake. Mimi, mjanja, nikaikunja tepu mpya kwenye gurudumu la zamani la chuma, nikaona nimeokoa kifaa. Maandishi sikuyafuta. Mwezi ule nilizunguka visima vyote mwenyewe, na kila nilipopima mkono wangu ulitoa saba kabla kichwa hakijauliza. Kipaza aliporudi alikuta daftari langu na maandishi yangu, akaendelea. Angeyatilia shaka vipi? Mimi ndiye mwenye vyeti.

Ubaya ni kwamba mwaka ule mvua zilinyesha sana. Daftari likaonyesha maji yamepanda mita nane na zaidi, na mimi, badala ya kushtuka, nikashangilia. Ukweli ni kwamba yalikuwa yamepanda mita moja na nusu. Nikaandika ripoti, nikaiita "Maji Yamerudi". Nikaisoma kwenye mikutano, nimevaa suti, nikapigiwa makofi. Nikapewa ukuu wa kitengo na ofisi yenye kiyoyozi. Kwa ripoti hiyo kiwanda cha vinywaji kilicho ng'ambo ya barabara, mkabala na hospitali, kilipewa kibali cha kuchimba visima vitatu. Kwa miaka mitatu visima hivyo vilivuta usiku na mchana, na maji yakawa yanashuka, na kila mwezi daftari langu liliongeza mita saba ambazo hazipo.

"Mkuu," Kipaza akaniuliza, sasa kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "tumekosea?"

"Nimekosea mimi," nikamwambia. Nashukuru angalau hilo nililisema papo hapo.

Kuchimba chini zaidi kusingesaidia. Nilijua, kwa sababu ni mimi niliyeupima ule mwamba: ukipita mita themanini unakuta maji ya chumvi. Maji ya magari yaliletwa Jumatano hiyohiyo, yenye tope, na machujio ya zile mashine yakaziba ndani ya saa moja. Hospitali nyingine yenye mashine kama zile ni mwendo wa siku nzima, nao walijibu kwamba wana foleni ya miezi. Ilibaki njia moja. Kiwanda kizime visima vyake, mwamba upumue, maji yapande taratibu hadi pampu ya hospitali iyapate. Kanuni ilikuwepo: kiwango kikishuka chini ya mita sitini na tano, wachotaji wakubwa wote wanafungiwa siku hiyohiyo. Lakini kanuni inasoma daftari, na daftari lilisema sitini na moja.

Alhamisi asubuhi nikaingia kwa mkurugenzi wa mamlaka yetu ya maji. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alisikiliza akizungusha kalamu, kisha akasema, "Kaa, mama. Kaa kwanza."

Nikakaa.

"Ripoti ile niliisaini na mimi," akasema. "Waziri aliisoma. Ukisema leo kwamba miaka mitatu tulikuwa tunaota, tunaondoka wote, wewe na mimi, na watakaokuja watachukua miezi kusoma mafaili. Hospitali itapata faida gani?"

"Itapata maji."

"Itapata. Lakini kuna njia ya kistaarabu. Andika kwamba fundi wako alikosea kusoma. Yule mwenye jicho bovu. Anakaribia kustaafu, tutamtoa vizuri. Wewe unabaki, kanuni inafuatwa, kila mtu salama. Nenda kafikirie. Kesho uniletee."

Ningependa kusema kwamba nilimkatalia. Sikumkatalia. Nilisema, "Sawa, bosi," nikatoka, nikaenda kujifungia ofisini chini ya kiyoyozi changu, na nikafikiria. Nilifikiria siku nzima. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mkopo wa nyumba, jina langu kwenye vitabu vya wenzangu. Niliandika karatasi mbili, moja yenye jicho la Kipaza, moja yenye mwandiko wangu kwenye gurudumu, nikazitazama zote mbili hadi mlinzi akaja kufunga jengo. Niliogopa. Hakuna neno jingine la kuweka hapo.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa kwenye kiti chake uani. Uso ulikuwa umeanza kuvimba chini ya macho, na miguu ilikuwa haiingii kwenye ndala. Ilikuwa wiki nzima tangu asafishwe damu.

"Leo nilikwenda kwa zamu yangu," akasema. "Sista mkuu akaniambia turudi nyumbani, tuache chumvi, tuache ndizi, tuache maji, tuache kila kitu isipokuwa kupumua. Nikamwambia dada yangu ndiye mkubwa wa maji yote ya ardhini, ngoja nikamsemee."

"Kosa ni langu," nikamwambia.

"Pampu? Pampu huungua."

"Siyo pampu."

Nikamweleza, toka tepu hadi zile karatasi mbili. Hakunikatiza. Redio ilikuwa inaimba na hakuipunguza. Nilipomaliza alisukuma shavu lake kwa ulimi kwa ndani, kama afanyavyo akiwa na sindano mdomoni.

"Huyo Kipaza ana watoto?" akauliza.

"Wanne."

"Basi unauliza nini, Profesa? Suti ukiikata vibaya huwezi kusema mkasi ulikuwa mlevi." Kisha akaongeza, bila utani, "Na ufanye haraka. Kifua kimeanza kuwa kizito."

Ijumaa nilipeleka karatasi moja. Niliandika kwamba makosa ni yangu, kwamba fundi alifuata maandishi yangu, kwamba kiwango cha kweli ni mita sitini na nane. Sikuipeleka kwa mkurugenzi peke yake. Nilibandika nakala kwenye daftari la vipimo, lile ambalo sheria inasema mtu yeyote anaweza kuliomba, na nyingine nikampelekea mkuu wa hospitali mkononi. Mkurugenzi alinipigia simu mara sita. Saa kumi jioni amri ya kuzima ilitoka, na barua yangu ya kusimamishwa kazi ikatoka pamoja nayo. Kiwanda kilibishana hadi Jumamosi asubuhi, ndipo visima vyao vikanyamaza.

Sikuwa tena mtumishi wa mtu, lakini Kipaza alinijia na gurudumu lake, maandishi yamesuguliwa kwa petroli, na mkuu wa hospitali akasema mwacheni apime, nani mwingine anakijua kisima hiki. Tukapima kila saa. Maji hayana huruma wala haraka. Jumamosi jioni, sitini na saba na sentimita themanini. Jumapili, sitini na saba na thelathini. Jumatatu, sitini na sita na tisini. Nilikuwa nainama juu ya ule mdomo wa bomba, nasema na maji kwa sauti, nayabembeleza, panda, panda basi, hata kama wagonjwa waliokaa kwenye baraza walikuwa wananiona. Mmoja wao alikuwa haji tena. Bibi mmoja muuza vitambaa, aliyekuwa akilala kitanda cha pili, alifia kwao Jumapili.

Jumanne asubuhi tepu ilisoma sitini na sita na ishirini. Fundi pampu alinitazama, sista mkuu akanitazama, na mkuu wa hospitali naye. Sista alikuwa na orodha mkononi. Walikuwa wamewapima damu wote kumi waliobaki na kuwapanga kwa hatari, aliye karibu zaidi na kufa akiwa wa kwanza. Mdogo wangu alikuwa wa tano.

"Tuambie, mtaalamu," sista akasema. "Tunaweza kuvuta kwa muda gani?"

Nikapiga hesabu kwenye kiganja, kisha nikairudia kwenye karatasi, kisha nikampa fundi pampu airudie. Hesabu ilikuwa ileile. Tukivuta polepole, saa mbili na nusu. Hayo ni maji ya vitanda vinne. Tungeongeza nusu saa, tungepata cha tano, lakini maji yangefika kwenye pampu. Pampu ile ikiungua hakuna nyingine ghalani, kwa sababu ile ya kwanza niliiunguza mimi Jumatatu ya wiki iliyopita kwa kiburi. Ikiungua, kesho hakuna kitanda hata kimoja, kwa mtu yeyote.

Ningeweza kusema saa tatu. Hakuna ambaye angenibishia. Fundi pampu alijua aliye wa tano ni nani, na aliangalia pembeni ili aniachie nafasi.

"Saa mbili na nusu," nikasema. "Baada ya hapo zima, hata nikikwambia usizime."

Nilikwenda kwenye baraza kumwambia. Alikuwa ameegemea ukuta, anahema kwa mdomo, begi lake dogo mapajani. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia namba zote, maana alizoea kunidai namba. Nne leo, na yeye wa kwanza kesho, saa mbili asubuhi.

"Una uhakika na hesabu yako?" akauliza.

"Nina uhakika."

"Safari hii?"

"Safari hii."

Akatikisa kichwa taratibu, akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Kumbe ukitaka unaweza," akasema. Wodi zilikuwa zimefungwa kwa kukosa maji, kwa hiyo nikamrudisha nyumbani. Kutoka getini hadi chumbani kwake tulipumzika mara nne.

Kiwanda kilikuwa kimekaa kimya siku nne tu. Kama nisingemlazimisha fundi kuwasha pampu Jumatatu ile, kama ningemsikiliza habari ya mabomba Jumanne, kama nisingekaa chini ya kiyoyozi Alhamisi nikichagua karatasi, kingekuwa kimekaa kimya siku saba. Nimeshapiga hesabu ya siku saba. Maji yangekuwa yametosha vitanda vyote, na bibi muuza vitambaa angekuwa wa kwanza kuingia.

Jumatano saa mbili na dakika kumi simu ililia. Ilikuwa sista mkuu, amechangamka, nilimsikia na mlio wa mashine nyuma yake. Kipaza amepima, akasema, sitini na tano na tisini, na kitanda kimeshatandikwa, mbona ndugu yetu hajafika? Nilikuwa nimekaa sakafuni kando ya kitanda chake, mkono wake ndani ya wangu, umeshapoa. Sista akauliza tena kama tumeshaanza safari.